Tulichokosea tulipoziba makorongo ya piti Dark Peak

Kati ya Manchester na Sheffield kuna milima isiyo mirefu iitwayo Dark Peak. Kinder Scout ina mita 636, Bleaklow mita 633. Ukifika juu unakuta kitu ambacho wengi hawakitegemei Uingereza: ardhi nyeusi, tupu, iliyokatwa makorongo yanayoweza kumficha mtu mzima aliyesimama. Ardhi hiyo ni piti, yaani mabaki ya mimea yaliyoshindwa kuoza kwa kuwa yalilowa maji muda wote, yakarundikana kwa kasi ya kama milimita moja kwa mwaka. Msomaji wa Rwanda anaifahamu. Mtambo wa umeme wa Gishoma ulijengwa kuichoma. Piga hesabu mwenyewe: korongo la kina cha mita mbili ni miaka elfu mbili iliyosombwa na maji.

Chanzo cha uharibifu kinajulikana. Moshi wa viwanda vya miji ya jirani ulileta mvua ya asidi kwa vizazi kadhaa, na mmea unaotengeneza piti, sfagnamu, ukafa. Sfagnamu ni jamii ya kuvumwani, haina mizizi, na inaweza kushika maji hadi mara ishirini ya uzito wake ikiwa kavu. Ilipokufa, kondoo, moto na mifereji vikamalizia. Tangu 2003 ushirika wa Moors for the Future umekuwa ukiirudishia milima hii uhai, na vikundi vya watu wanaojitolea hufanya sehemu ndogondogo. Simulizi hii ni ya kikundi kimoja, korongo moja na miezi kumi na minane ya kazi. Makosa yameandikwa yalivyo kwa sababu karibu yote yangeepukika.

Kosa la kwanza lilifanyika mezani. Sehemu kubwa ya nyika za Dark Peak inalindwa kisheria kwa thamani yake ya kisayansi, kwa hiyo huwezi kuchimba wala kujenga humo bila idhini ya Natural England, wakala wa serikali wa uhifadhi. Hilo tulilijua. Tuliomba idhini ya makinga maji, yaani vizuizi vifupi vya kusimamisha maji ndani ya korongo, tukapewa. Uzio tukausahau. Sehemu kubwa ya ardhi ya juu ina haki za malisho za pamoja, na kuweka uzio kwenye ardhi ya namna hiyo kunahitaji kibali kingine kabisa, chini ya kifungu cha 38 cha Sheria ya Ardhi za Pamoja ya 2006. Maombi hayo yana tangazo lake, muda wake wa watu kutoa pingamizi, na waamuzi wake. Majani tuliyootesha msimu wa kwanza yalitafunwa na kondoo huku sisi tukisubiri karatasi. Anayeanza leo na aombe vibali vyote viwili siku moja, au akubaliane kwa maandishi na wafugaji waondoe mifugo kwa hiari.

Waulize wafugaji mapema pia kwa sababu wanaona ambacho mpango hauoni. Aliyekuwa na kondoo wake juu ya korongo letu alikuwa na hofu moja tu: wanakondoo kuzama kwenye madimbwi. Hofu hiyo ni ya haki. Jibu lake ni kutojenga kinga maji refu kuliko nusu mita na kuufanya ukingo wa dimbwi uwe na mteremko wa taratibu ili mnyama aliyetumbukia aweze kupanda. Tungemsikiliza kabla ya kuchora ramani, tusingechora mara mbili.

Na kabla ya kuingiza chochote ardhini, uliza kuna nini chini. Bleaklow bado ina mabaki ya ndege ya Marekani aina ya B-29 iliyoanguka Novemba 1948 na kuua wote 13 waliokuwamo. Mabaki ya ndege za kijeshi yanalindwa na sheria ya 1986. Si mahali pa kuokota bati la kuzibia korongo.

Kazi ya kupima ndiyo tuliyoiharakisha, na ndiyo tunayoijutia zaidi. Vifaa vyake ni rahisi. Cha kwanza ni fimbo ndefu ya chuma inayounganishwa vipande, unaisukuma hadi igonge mwamba au udongo mgumu, unaandika kina. Cha pili ni bomba jembamba la plastiki la urefu wa mita moja, lililotobolewa matundu kila baada ya sentimita chache, likasimikwa kwenye piti karibu na korongo na kufunikwa juu. Maji ya ardhini huingia na kusimama kwenye kimo chake halisi. Kusoma, unashusha mpira mwembamba wenye alama za sentimita huku ukipuliza taratibu. Ukisikia mapovu, umegusa maji. Piti yenye afya huwa na maji ndani ya sentimita kumi hivi kutoka juu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Tulisimika mabomba yetu wiki ileile tuliyoanza kujenga. Hatukuwa na mwaka mmoja wa vipimo kabla ya kazi, wala bomba hata moja kwenye korongo la jirani ambalo lingeachwa bila kuguswa. Miezi sita baadaye maji yalipanda, na hatukuweza kumthibitishia yeyote kwamba ni kazi yetu na si mvua ya majira yale. Bomba la korongo la jirani tuliliweka baadaye, lakini mwaka wa mwanzo haurudi. Mabomba sita, matatu kila korongo, yangetugharimu siku moja ya kazi.

Sasa makinga maji yenyewe. Korongo letu lilikuwa na tabia mbili. Sehemu ya juu ilikuwa na zaidi ya mita moja ya piti chini ya sakafu yake; sehemu ya chini maji yalikuwa yameshafika kwenye mwamba. Tofauti hiyo ndiyo inayochagua malighafi. Penye piti ya kutosha unaweza kutumia mbao, vipande vya plastiki vinavyoshikana ubavu kwa ubavu, au piti yenyewe. Penye mwamba ni mawe tu, maana ubao hauna pa kuzama na maji yatapita chini yake siku ya kwanza. Kinga la mawe halizuii maji yote. Linayapunguza mbio na kukamata tope, na tope hilo ndilo linaloota majani baadaye. Mawe yawe ya mchanga, yaleyale ya mlima huu. Kilomita chache kusini kuna mawe ya chokaa tele na ya karibu, lakini chokaa inayeyuka kidogokidogo na kubadili asidi ya maji ambayo sfagnamu inaitaka. Mawe hupandishwa kwa helikopta kwenye mifuko mikubwa, na kila dakika inalipiwa, kwa hiyo panga alama za kushushia mapema na uziweke rangi inayoonekana kutoka angani. Sisi mifuko miwili ilishushwa upande usio wetu wa korongo, tukabeba jiwe moja moja kwa mikono.

Umbali kati ya kinga na kinga una kanuni moja: maji yanayojaa nyuma ya kinga la chini yafike mguuni pa kinga la juu. Funga kamba kwenye kimo cha kinga la chini, ivute juu ya korongo huku ukiinyoosha kwa pima maji, na pale kamba inapogusa sakafu ndipo kinga linalofuata linapokaa. Korongo linaloshuka mita moja kwa kila mita ishirini, na kinga la sentimita arubaini, linataka kinga kila mita nane. Sisi tuliweka kila mita kumi na tano kwa sababu mbao hazikutosha, tukijipa moyo kwamba nusu ya kazi ni bora kuliko kukosa kabisa.

Haikuwa bora. Kwenye nafasi kavu kati ya kinga na kinga, maji yaliendelea kukimbia, na yaliporuka kinga la juu yaliangukia piti tupu na kuchimba shimo mguuni pake. Februari ilipoleta mvua juu ya theluji inayoyeyuka, kinga la tatu lilichimbuliwa chini. Maji yote yaliyokuwa nyuma yake yakalipiga la nne kwa mkupuo, la nne likalipiga la tano. Tulipopanda wikiendi iliyofuata, mbao zilikuwa zimelala chini ya korongo kama ngazi iliyoanguka, na sakafu ilikuwa na kina kuliko tulipoanza. Kama mbao ni chache, jenga sehemu fupi ya juu kikamilifu, uiache sehemu ya chini hadi mwaka mwingine. Anzia juu daima, ambako maji bado ni machache.

Yaliyobaki yamesimama nayo yalikuwa na ugonjwa wao: maji kuzunguka pembeni. Tulikuwa tumechimbia ncha za mbao ukutani mwa korongo upana wa kiganja tu. Inatakiwa dhiraa moja kila upande, isipungue. Na sehemu ya ubao iliyozama kwenye sakafu iwe kubwa kuliko iliyobaki juu. Ukitumia plastiki, kipande cha katikati ndicho huanza, kwa kuwa ndiko kwenye kina, kisha unaelekea pembeni, ukigonga kwa nyundo ya mpira juu ya kipande cha ubao ili plastiki isipasuke. Katikati paachwe chini kidogo kuliko pembeni, sentimita chache tu, ili maji yanayozidi yaangukie katikati ya korongo na si ubavuni. Chini ya hapo weka mawe au matawi ya kupokea maporomoko.

Kuna jambo dogo la kuziba nyufa ambalo hakuna aliyetuambia. Chukua kiganja cha piti iliyokauka ukingoni mwa korongo. Ni chembechembe nyeusi, nyepesi kama makapi ya kahawa. Itonee maji: tone linasimama kama shanga, linabingirika, linaanguka, na chembe chini yake zimebaki kavu. Piti ikishakauka kabisa huyakataa maji. Sisi tulishindilia nyufa zetu kwa hiyohiyo kwa sababu ilikuwa karibu na rahisi kuchota, na kila mvua iliipeleka mbali. Inayoziba ni ile laini ya chini, inayonata vidoleni kama ugali wa moto, na unaichota upande wa juu wa kinga, ndani ya eneo litakalokuwa dimbwi, ili shimo ulilochimba lijazwe maji. Usiichote ukutani, ukuta ndio unaojaribu kuuokoa. Ishindilie kwa buti, kisha funika kwa kipande cha nyasi chenye mizizi.

Kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Julai kazi husimama, maana vitwitwi wenye madoa ya dhahabu na ndege wengine wa milimani huatamia chini, kwenye majani mafupi, na kuharibu kiota kinachotumika ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya 1981. Kwa hiyo kila ucheleweshaji wa vibali au wa helikopta unakula miezi ya Agosti hadi Machi, ambayo nusu yake ni barafu na ukungu. Ipange kazi kwa miezi mitano, si minane.

Hapa niseme kuhusu jirani, kwa sababu kazi ya piti haiwezi kutengwa na ugomvi wa milima hii. Upande wa pili wa bonde kulikuwa na eneo la kuwindia kwale mwekundu, ndege anayepigwa risasi kati ya tarehe 12 Agosti na 10 Desemba. Kwale huyo hula machipukizi ya kaluna, kichaka kifupi chenye maua ya zambarau, jamaa wa vichaka vile vya Erica ambavyo mpanda Kilimanjaro huvipita baada ya msitu. Ili machipukizi yawe mengi, walinzi wa mawindo huchoma kaluna vipande vipande, kwa zamu, kati ya tarehe 1 Oktoba na 15 Aprili. Kuchoma huko juu ya piti nene ndiko kunakogombanisha watu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds uliotolewa 2014 ulikuta maji ya ardhini yako chini zaidi kwenye mabonde yanayochomwa. Wakazi wa Hebden Bridge, waliofurikiwa vibaya Desemba 2015, wamekuwa wakilalamikia hali ya nyika zilizo juu ya mji wao. Walinzi nao wanajibu kwamba kaluna isiyochomwa huzeeka, inakuwa kuni, na siku ikiwaka hakuna wa kuizima.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Moto wa Saddleworth wa Juni 2018 ulilazimu wanajeshi kuitwa kusaidia zimamoto, na uliingia ndani ya piti, ambako moto hufukuta bila kuonekana. Lakini kilichowaka pale kilikuwa kikavu. Dawa ya ukavu ni maji, na piti iliyolowa yenye sfagnamu hai haifukuti. Kwa msimamo wetu, hakuna sababu ya kuendelea kuchoma juu ya piti nene, na sheria imeanza kuelekea huko: Uingereza yenyewe, mbali na Scotland na Wales, ilizuia mwaka 2021 uchomaji bila leseni juu ya piti inayozidi sentimita 40 kwenye maeneo ya hifadhi, na Septemba 2025 kipimo kikashushwa hadi sentimita 30 na eneo likapanuliwa. Scotland ilipitisha sheria yake 2024, ikidai leseni kwa uwindaji wa kwale na kwa uchomaji pia.

Pamoja na hayo, usimkwepe mlinzi wa mawindo. Tulimkwepa mwaka mzima, kisha tukamhitaji. Piti tupu ya tambarare huoteshwa kwa kufunikwa matawi ya kaluna yaliyokatwa Oktoba hadi Desemba, mbegu zikiwa bado ndani ya vitumba, na kaluna nzuri ilikuwa kwake. Alitukatia, akatufundisha unene: ukitazama kutoka juu uone weusi kidogo kati ya matawi. Tulipokuwa tumetandaza nyembamba upepo uliondoa yote; tulipotandaza nene, hakuna kilichoota chini. Kabla ya matawi hutangulia chokaa ya chengachenga, tani moja hivi kwa hekta, kwa kuwa piti tupu ina pH ya kama 3 na mbegu ya nyasi haiwezi kuanza hapo, kisha mbolea na mbegu za nyasi za kushikilia ardhi kwa muda. Chokaa hii ni ya tambarare tupu pekee, isiangukie madimbwi. Mbolea irudiwe mwaka wa pili na wa tatu. Tuliruka mwaka wa pili, nyasi zikawa njano na kutoweka kabla kaluna haijashika. Kingo zenye mteremko mkali tulizivika neti ya juti, na vijito vidogo tukaweka mabunda ya usumba wa nazi, ambayo yalifanya kazi vizuri kuliko tulivyotarajia.

Jambo moja halina mjadala kwetu. Kipanga wa kijivu, Circus cyaneus, hula kwale na vifaranga vyake, na kwa hilo amekuwa akiuawa. Mwaka 2013 hakuna kiota hata kimoja kilichotoa makinda England nzima. Utafiti wa 2019 uliofuatilia vipanga 58 kwa vifaa vya satelaiti ulihitimisha kwamba 72% waliuawa kinyume cha sheria au inaelekea sana kwamba waliuawa. Mtu anayefanya kazi milimani anaweza kukuta mzoga. Usiuguse, wala mbwa wako asiuguse. Baadhi ya sumu hupenya kwenye ngozi. Piga picha ukiweka kitu cha kulinganisha ukubwa, piga nyingine inayoonyesha mazingira, andika namba za ramani za mahali ulipo, kisha piga 101 na uombe askari wa makosa ya wanyamapori.

Sfagnamu tuliipanda mwisho, na hata hivyo tuliipanda mapema mno. Vishada vilivyooteshwa kitaluni huja kwenye trei, kila kimoja ukubwa wa yai. Ukipanda kwa nafasi ya mita mbili unahitaji vishada 2,500 kwa hekta. Kundi la kwanza tulilipanda Novemba kwenye piti tupu kandokando ya madimbwi. Barafu ilijitunga chini yake kama sindano, ikavisukuma nje, na tulivikuta vimelala juu kama vifaranga waliotupwa. Kundi la pili tulilipanda Aprili, siku za mwisho kabla ya kufunga kazi, na majira yale yakawa makavu. Vilikauka vikawa vyeupe. Usiving'oe vikiwa vyeupe, vingine hurudi kijani mvua ikirudi. Tuling'oa vingi ambavyo pengine vilikuwa hai.

Kundi la tatu lilipandwa Septemba, madimbwi yakiwa yameshajaa, kila kishada kikisukumwa katikati ya shina la nyasi za pamba, nyasi za mlimani zenye vichwa vyeupe kama pamba, hadi kikabaki kichwa tu, kisha kikabanwa kwa vidole viwili. Nyasi hizo huvunja upepo, huweka kivuli, na mizizi yake inaishika piti isisukumwe na barafu. Hapo ndipo sfagnamu imeshika. Mwezi Machi ukibinya kishada kimoja, maji yanatiririka hadi kiwikoni.

Mabomba yetu husomwa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, yetu na yale ya korongo la jirani, siku moja na saa zinazokaribiana. Makinga sita ya sehemu ya juu bado hayajajengwa. Safari hii mbao zimehesabiwa kwa kila mita nane, ziko mlimani chini ya turubai, zikisubiri Agosti.